Sentensi za Mke Wangu

Mimi ni mtu mwenye wivu. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanihurumia kabla ya wakati wake. Mama alipenda kusimulia kwamba hata nilipokuwa nanyonya, titi moja liko mdomoni, jicho langu lilikuwa linalinda la pili asije mtu akalichukua. Watu walikuwa wakicheka. Mimi sikuona kichekesho chochote.

Nilioa baada ya Wabelgiji kuondoka. Baba wa mke wangu alikuwa amehamia Kigoma zamani, upande wa Waingereza, akapakua mizigo gatini na kulea watoto wake huko. Aliposikia nchi yetu imepata uhuru alisema hawezi kubaki mgeni kwa watu wakati nyumbani kwao watu wanakuwa mabwana. Alifunga mizigo kwa wiki moja tu, akaja Uvira na familia nzima, akajenga katika mtaa wa Rugenge. Binti yake mkubwa alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini ya mtu asiye na haraka, na alikuwa amesoma Kiingereza. Mimi nilikuwa seremala, na kibanda changu cha kazi kilikuwa Mulongwe, karibu na mto. Nilimtengenezea yule mzee milango miwili kwa siku nne. Mlango wa tatu ulinichukua mwezi mzima, maana nilitaka sababu ya kurudi. Mzee alinielewa, akanipa binti.

Siku zile watu wa kwetu walitamani Kiingereza. Kifaransa kilikuwa cha ofisini, lakini chumvi nzuri, mabeseni na vitenge vilitoka Kigoma, na karani wa forodha wa kule aliuliza maswali yake kwa Kiingereza. Mfanyabiashara aliyeshindwa kujibu aliachwa juani hadi jioni. Basi wakaanza kuja kwetu mmoja mmoja: fundi cherehani, mama muuza mawese, mwalimu wa kanisa, karani kijana wa teritwari, yaani ofisi ya serikali, na wengine watano sita. Walimwomba mke wangu awafundishe saa kumi alasiri barazani petu. Nilikubali upesi. Niliona ni afadhali mke aonekane barazani kwake, mimi nikiwepo, kuliko aonekane sokoni nisipokuwepo. Nilitengeneza ubao mwenyewe, nikaupaka makaa ya betri kuukuu niliyoyatwanga pamoja na majani ya muhogo. Nikatengeneza na mabenchi mawili.

Hakuwa na kitabu. Kila alasiri alileta namna moja ya kusema, akaiandika juu ya ubao, kisha kila mwanafunzi alitakiwa atoe sentensi ya maisha yake mwenyewe. Sentensi ya uongo aliikataa. Alisema uongo haukai kichwani, kesho yake mtu ameusahau, lakini jambo ulilolifanya kwa mikono yako halikutoki. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria pekee ya darasa lile.

Majuma mengi yalipita kwa amani. Walijifunza kusema nataka kununua, nitauza kesho, mzigo huu ni wangu. Halafu alasiri moja akaandika maneno mawili: used to.

"Hii ni ya jambo ulikuwa unafanyaga siku zote zamani," akasema, "na sasa haulifanye tena. Iko kama 'nilikuwaga' yetu. Lakini yetu inaacha mulango wazi kidogo. Yao inafunga."

Sijapata kuona watu wakipenda maneno mawili namna ile. Nchi ilikuwa changa na kila mtu alikuwa na jambo aliloachana nalo. Mama muuza mawese alisimama akasema kwa Kiingereza kwamba alikuwa akilima pamba, kisha akaongeza kwa Kiswahili, "kwa fimbo!" Fundi cherehani alikuwa akimshonea mke wa mkubwa wa Wabelgiji nguo, akisimama mlango wa nyuma. Mwalimu wa kanisa, mtu mpole sana, alisema, "I used to take off my hat," nilikuwa nikivua kofia, na hakueleza zaidi. Hakuna aliyehitaji maelezo. Kila mmoja pale alikuwa amewahi kuvua kofia yake barabarani mbele ya Mzungu anayepita. Walicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.

"Na weye, mwalimu?" akauliza mama muuza mawese. "Tupatie zako."

Mke wangu akageukia ubao. Aliandika kwamba alikuwa akikaa karibu na stesheni. Aliandika kwamba alikuwa akichota maji pamoja na dada yake. Karani akataka mfano wa mwanamume, ili aone kama maneno yanabadilika. Bila kufikiri, chaki ikienda kwa mwendo wake ule ule, mke wangu akaandika: "He used to bring me bread."

Alikuwa akiniletea mkate. Yeye, mwanamume.

Mimi nilikuwa nyuma na randa yangu, najifanya nalainisha mguu wa benchi ambao ulikuwa laini tangu mwezi uliopita. Kiingereza nilikuwa nimeanza kukishika, kwa maana mwenye wivu hujifunza upesi kuliko mwenye bidii. Nilijiuliza ni nani. Ndugu yake wa kiume wakati ule alikuwa bado mdogo. Baba yake sikupata kumwona akinunua mkate hata mara moja, yeye ni mtu wa bugali. Randa ilinitoka mkononi na kunichubua kidole, na mke wangu akaja kunifunga kitambaa. Nilimtazama uso, nikaona ni ule ule wa kila siku.

Sikumuuliza. Ningeuliza siku ile, labda yote yaliyofuata yasingekuwa. Badala ya kuuliza, nilianza kukusanya. Kila darasa lilipofika kwenye maneno yale mawili, nami nikasikia sentensi ya Kigoma, niliiandika kwa penseli yangu ya useremala chini ya benchi, upande ambao makalio ya watu hayaoni. Walikuwa wakikaa chini ya saa ya stesheni. Alikuwa akivaa shati la reli. Alikuwa akicheka kwa sauti kubwa. Sentensi kumi na moja kwa jumla, na nyingine nilizipata kwa sababu wanafunzi walipenda habari za Kigoma wakawa wanaziomba. Mimi nikaanza kuleta mkate nyumbani kila Jumamosi. Mke wangu alisema aksanti, akaula kwa chai, na mimi nilimkodolea macho namna anavyotafuna nikitafuta kama anamfikiria mtu. Mama yangu, tuliyekuwa tunaishi naye, aliniambia, "Weye mutoto, wivu ni kidonda. Utaonda bure." Na kweli nilikonda.

Jembe ndilo lililomaliza mambo. Mke wangu alikuja na jembe lake kutoka Kigoma, na kila alipokwenda shambani alikwenda na hilo. Mpini wake ulikuwa umeanza kupasuka. Mimi seremala nilijitolea mara tatu kuubadilisha, naye mara tatu alikataa, akisema mikono yake imeuzoea. Nilifikiri ni ukaidi wa mkulima. Alasiri moja, darasa likiwa linakwisha, mama muuza mawese alimuuliza mbele ya wote, kwa wema wake tu, "Mwalimu, ule bwana wa mukate alikuwa nani?"

"Alinichumbia," akasema mke wangu. "Mbele ya kuhama."

"Na jembe lake lilirudi?"

Mke wangu alifuta chaki mikononi.

"Halikurudi. Tulihama mbio-mbio. Baba alisahau."

Kwetu, kijana akichumbia, watu wake hupeleka jembe jipya kwa wazazi wa binti. Mambo yakivunjika na binti akaolewa kwingine, jembe lile lazima lirudi kabla ya mbuzi wa harusi kuchinjwa, na anayelirudisha ni ndugu yake wa kiume. Analilaza mlangoni kwa watu wale, anaondoka bila kukaa, na hapo uchumba umekufa. Binti mwenyewe haligusi. Akionekana anaingia kwao na jembe begani, haiulizwi tena amefuata nini: amekuja kulima. Kila aliyekuwa barazani alilijua hilo tangu utoto, na wote wakanigeukia mimi. Nilikuwa nimekula muhogo wa jembe la mtu mwingine miaka mitatu.

Jioni ile sikula.

"Lirudi wiki hii," nikamwambia.

"Litarudi. Nitamutumia kaka habari. Akimaliza kuvuna mupunga, atakuja alipeleke."

Ndugu yake huyo alikuwa amekwenda kulima mpunga bondeni, Bwegera. Lakini njia ya bonde ilikuwa imeanza kuharibika. Tulisikia vijana wameingia porini, vizuizi vimewekwa, wanaotoka hawarudi na wanaorudi hawasemi. Ningeweza kungoja. Nilisema sitangoja, aende mwenyewe.

Mama alishika kichwa. "Bibi haendake na jembe! Unamutuma kwa nani? Unajua unasema nini weye?"

"Nikiingia kule na jembe kwa bega," mke wangu akasema, "unajua watasemaje."

"Waseme."

Hakulia na hakubishana. Sasa naelewa kwamba alikuwa ananipa nafasi ya kurudisha neno langu, lakini siku zile kimya chake nilikihesabu kuwa ni furaha ya kwenda.

Nilimsindikiza mpaka bandari ya Kalundu, kwenye boti ya wauza chumvi. Jembe alikuwa amelifunga kwa kitenge, mpini uliopasuka umechomoza. Alipokuwa ameshakaa, akaniita mbele ya mabaharia.

"Unitume kwa kinywa chako," akasema. "Watu wasikie."

"Minye njo nakutuma," nikasema.

"Basi. Nimetumwa."

Alitakiwa kurudi baada ya wiki mbili. Siku ya tisa waasi waliingia mjini. Walikuwa vijana, wengine niliwajua, wamejifunga majani kichwani na wananyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zisiwapate. Boti zilizuiwa. Aliyekuwa na kalamu mfukoni aliitupa, maana karani, mwalimu na msomi wa Kifaransa walikuwa wanatafutwa kwanza. Mimi nilijiona salama. Seremala ni seremala, kila serikali inahitaji mlango.

Siku moja saa sita mchana walikuja kutafuta mbao za kizuizi, wakachukua mabenchi yangu. Mmoja aliligeuza benchi ili alibebe vizuri kichwani. Akasimama. Chini ya benchi kulikuwa na maandishi yangu, mistari kumi na moja, na yule kijana alikuwa amesoma kiasi cha kutambua kwamba si Kifaransa.

"Hii ni luga ya Wamerikani," akasema. "Unawaandikiaga nini?"

Nilifungwa mikono na kupelekwa upande wa mtoni, na Mulongwe nzima iliniona napita. Tulipofika kwa mkubwa wao, benchi likawekwa mbele yake kama shahidi. Aliniuliza maana ya kila mstari. Nilijua kwamba nikidanganya nitakufa, basi nikasema. Nikasema mkate. Nikasema saa ya stesheni na shati la reli, na kicheko cha mtu nisiyepata kumwona. Nikasema na jembe. Yule mkubwa alinisikiliza, uso mkavu, na nilipofika mwisho alianza kucheka, akacheka mpaka akashika mti. "Mufungue," akawaambia vijana wake. "Huyu haiko mupelelezi. Huyu iko na wivu tu." Wakanifungua nikaenda, wakibaki wanaulizana habari za mkate.

Lakini walioniona nimefungwa hawakuniona nikirudi. Familia mbili za jirani zilipata mtumbwi alasiri ile ile, zikavuka ziwa kwa kujificha, na huko Kigoma zilisimulia zilichokiona na kukimalizia zenyewe. Mimi nilikimbilia na mama milimani juu ya Uvira, kwa wafugaji wa nyanda za juu. Walitupokea, wakatupa maziwa na mahali pa kulala, nami nikawatengenezea milango na viti vya kukamulia. Mama alifia huko juu, kwa homa, na neno lake la mwisho kwangu lilikuwa nimfuate mke wangu. Nilikaa mwaka na zaidi. Nilikuwa nasikia mara mji umechukuliwa na jeshi, mara ziwa limefungwa, mara limefunguliwa. Lilipofunguka kweli nilishuka, nikakuta baraza yetu haina paa, nikapata nafasi kwenye boti ya wauza chumvi.

Ndani ya boti ile nilikuwa na sentensi moja tu: Turudi nyumbani. Niliirudia usiku na mchana. Niliipanga hata kwa Kiingereza, nikidhani atafurahi kuona nimeshika masomo.

Kigoma sikuhitaji kuuliza sana. Nilitaja mwalimu wa kutoka Uvira na wakimbizi wakanionyesha baraza ya kanisa. Ilikuwa saa kumi, saa yetu. Nilisimama nje ya ukuta mfupi. Alikuwa mbele ya ubao wa kununua, nywele zake zimeanza kurefuka baada ya kunyolewa, na mbele yake walikaa watu wa kwetu kama ishirini. Walikuwa kwenye maneno yale yale mawili, na safari hii hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja alisema alikuwa akifuga mbuzi. Mzee mmoja alisema alikuwa na watoto wanne. Ndipo mke wangu, kwa sauti yake isiyo na haraka, akawapa mfano wa mwanamume: "My husband used to make doors."

Mume wangu alikuwa akitengeneza milango.

Nyuma kabisa, kwenye benchi la mwisho, alikaa mwanamume mwenye shati la reli. Hakuwa mwanafunzi, hakuwa na daftari. Alikuwa ameinama mbele, anautazama ubao, na midomo yake ilikuwa inatembea polepole, anaishika ile sentensi aende nayo. Nilikuwa sijapata kumwona, lakini sura ile niliijua. Nilikuwa nimeivaa miaka mitatu.

Mke wangu aliinua macho akaniona. Chaki ilianguka. Aliwaambia wanafunzi waandike sentensi tano tano, akatoka nje, tukasimama pembeni ya ukuta. Jembe lilikuwa pale, limeegemezwa, lina udongo mbichi. Lilikuwa na mpini mpya. Mpini mbaya, umechongwa na mtu asiyejua kazi, na hata pale, mbele ya mke niliyemkosa mwaka mzima, moyo wangu uliuma kwanza kwa sababu ya mpini.

"Walisema walikuua," akasema.

"Hawakuniua. Walinicheka."

Alinishika mkono akaugeuza, akatazama kovu dogo la randa kidoleni, akauachia.

"Nilipofika, mama ya ule bwana alitoka akanitua jembe kwa bega. Akasema, karibu, mulimaji wangu. Nikamwambia nimetumwa kulirudisha tu. Akaniuliza, na nani? Nikasema, na bwana yangu. Akasema, basi bwana yako mwenyewe njo amekurudisha." Alisema yote haya bila kunilaumu. "Nilikataa. Nikakaa kwa shangazi. Kisha wakaleta habari yako. Nililia, nilinyoa, nilikaa kilio mpaka mwisho. Mvua yote imepita minye sijagusa hili jembe. Kisha nikalishika."

Kila alilolisema nilikuwa nimelifanya mimi.

"Sasa weye uko muzima," akaendelea. "Wazee wapo, wanaweza kukaa wakasema. Halijakuwa neno lenye halina dawa. Niulize kile umevuka kuniuliza. Nitakujibu."

Alikuwa ananitazama sawasawa. Alikuwa amenipa nafasi, kama alivyonipa usiku ule nyumbani, na mara hii niliiona wazi. Sentensi yangu ilikuwa mdomoni, nimeibeba ziwa zima. Nikafungua kinywa. Na juu ya bega lake nikamwona yule mtu wa reli amegeuka kwenye benchi anatutazama, mkono mmoja umeshika ukingo.

Nikasema, "Huyu, anakuleteaga mukate mpaka sasa?"

Alijifuta vumbi la chaki kwenye kitenge, mkono mmoja, kisha wa pili.

"Wanafunzi wananingoja," akasema, akaingia ndani.

Nilirudi na boti ile ile ya chumvi. Nilioa tena, nikapata watoto, na milango yangu mingi bado imesimama Mulongwe, ile ambayo mto haujaichukua. Habari zake nilizisikia mara mbili tatu, kwamba yu mzima, kwamba anafundisha. Sasa mimi ni mzee na meno yangu ni machache, mkate nautia kwanza kwenye chai. Hakunijibu. Na mpaka leo, Mungu anisamehe, bado nataka kujua.